Juni 14: hukumu ya bendera inayosimuliwa kombo

Juni 14 ni Siku ya Bendera Marekani, kwa kuwa tarehe hiyo mwaka 1777 ndipo bendera ya nyota na mistari ilipopitishwa. Kwa tunaofuatilia sheria na dini, siku hiyo imebeba mambo mengine mawili yanayovutana. Mwaka 1943 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mwanafunzi halazimishwi kuipigia bendera saluti. Mwaka 1954 Rais Eisenhower akatia saini sheria iliyoingiza maneno "chini ya Mungu" ndani ya kiapo chenyewe, yaani maneno ya utii ambayo wanafunzi husema mbele ya bendera.

Nitakaa na ile ya 1943, maana karibu kila Juni naiona ikielezwa kama ushindi wa uhuru wa dini. Sivyo ilivyoandikwa.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1935, huko Minersville, Pennsylvania, watoto wawili wa familia ya Mashahidi wa Yehova, Lillian na William Gobitas, walifukuzwa shule kwa kukataa saluti. Kwao ilikuwa sawa na kusujudia sanamu, jambo linalokatazwa katika Kutoka 20. Kesi ilijengwa juu ya dini, na Juni 3, 1940 wakashindwa kwa kura 8 dhidi ya 1. Jaji Frankfurter ndiye aliyeandika hukumu. Jaji Stone alipinga peke yake. Siku chache baadaye Mashahidi walianza kupigwa mitaani katika majimbo kadhaa, na Kennebunk, Maine, ukumbi wao ukachomwa moto.

Jimbo la West Virginia likaichukua hukumu hiyo kama kibali. Januari 9, 1942 bodi ya elimu ilipitisha azimio: kila mwanafunzi aseme kiapo huku amenyoosha mkono wa kulia, kiganja kikitazama juu. (Ndiyo, ulifanana na saluti ya Hitler, na hata chama cha wazazi na walimu kililalamika.) Anayekataa anafukuzwa, kisha anahesabiwa mtoro, na mzazi wake anaweza kutozwa faini hadi dola 50 na kufungwa hadi siku 30. Yaani shule inamfunga mtoto mlango, halafu serikali inamshtaki mzazi kwa nini mtoto hayuko shuleni. Familia za Mashahidi, wakiwemo Barnett, zikaenda mahakamani, na hiyo ndiyo kesi ya 1943.

Je, 8 dhidi ya 1 iligeukaje miaka mitatu baadaye kuwa 6 dhidi ya 3? Hesabu yake inafaa kufuatwa jina kwa jina. Kati ya wale wanane, Hughes na McReynolds walistaafu mwaka 1941. Black, Douglas na Murphy walitamka hadharani Juni 1942, ndani ya kesi nyingine, kwamba walikosea. Wakabaki Frankfurter, Roberts na Reed. Upande wa pili Stone alishakuwa Jaji Mkuu, wakaongezeka majaji wapya Jackson na Rutledge. Wakili anayesoma alama za nyakati angeijua kura hiyo kabla haijapigwa.

Jackson ndiye aliyeandika hukumu ya 1943, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Hakusema Mashahidi wasamehewe saluti kwa sababu ya imani yao. Alisema serikali haina mamlaka ya kumlazimisha raia yeyote kutamka asichokiamini. Msingi wake ni uhuru wa kujieleza. Tofauti si ya kitaaluma tu: mwanafunzi asiye na dini kabisa analindwa sawasawa, wala hadaiwi barua ya mchungaji.

Kosa jingine ni kudhani kiapo kilipigwa marufuku. La hasha. Mwalimu anaweza kukiongoza kila asubuhi. Kilichokatazwa ni kulazimisha na kuadhibu.

Mjadala huu si mgeni kwetu. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliwapa ushindi wanafunzi Mashahidi wa Yehova walioadhibiwa kwa kutoimba wimbo wa taifa. Ukitaka kuzilinganisha kesi hizi, soma kwanza kila mahakama imesimama juu ya haki ipi.

Na unapotafuta hukumu zenyewe, tumia tahajia zilizokosewa. Makarani waliharibu majina ya familia zote mbili: Gobitas wakaandikwa Gobitis (katika juzuu za hukumu za mahakama hiyo ni 310 U.S. 586, yaani juzuu ya 310, ukurasa wa 586), na Barnett wa West Virginia wakaongezewa herufi, wakawa Barnette (319 U.S. 624).