Nani Huamua Nini Katika Mradi wa Programu Huria: Ufafanuzi kwa Vikundi vya Vijana Tabora

Kufuatia kuongezeka kwa malalamiko yanayoletwa kwenye dawati letu la TEHAMA na vikundi vya vijana wanaosanidi kwa pamoja programu huria, yaani zile ambazo leseni yake inamruhusu yeyote kuutumia na kuubadili msimbo (maelekezo yaliyoandikwa yanayoiunda programu), tumeona vyema kufafanua jambo lililo kiini cha karibu malalamiko yote: chombo kinachoamua juu ya msimbo kisiwe ndicho kinachoshika fedha na jina la mradi, na mipaka ya vyombo hivyo iandikwe mapema, wakati watu bado wanaelewana.

Mkulima wa Urambo au Sikonge analijua hili katika chama chake cha msingi, ambako mkutano mkuu ndio wenye kauli ya mwisho, bodi husimamia, meneja hutenda, wala mwenyekiti hampangii mteuzi daraja la tumbaku sokoni. Ajabu ni kwamba kijana wa mkulima huyohuyo akianzisha programu, hudai kuwa mwanzilishi ndiye mwenye kila kitu.

Mfano wa kutenganisha mamlaka ni Python, lugha ya kuandikia programu. Mwanzilishi wake, Guido van Rossum, aliacha mamlaka ya uamuzi wa mwisho Julai 2018. Desemba mwaka huo wasanidi wakuu, yaani wachangiaji walioaminiwa kuubadili msimbo wake, walipiga kura kuunda Baraza la wajumbe 5, ambao huchaguliwa upya kila toleo kubwa la lugha linapotoka. Wajumbe wa mwajiri mmoja hawaruhusiwi kuzidi 2. Wakizidi, hata kwa sababu tu ya mmoja kuhama kazi, hulazimika kujiuzulu mpaka idadi irudi. Kumwondoa msanidi mkuu bila ridhaa yake kunahitaji theluthi mbili ya kura za Baraza, yaani 3 kwa 2 hazitoshi, zinatakiwa angalau 4 kwa 1. Baraza nalo huondolewa: msanidi mkuu mmoja hutoa hoja ya kutokuwa na imani, mwingine huiunga mkono, kisha kura hupigwa kwa wiki 2. Theluthi mbili inayohitajika ni ya waliopiga kura, si ya wanaolalamika kwenye kundi la WhatsApp.

Kando ya Baraza ipo taasisi iitwayo Python Software Foundation, iliyoanzishwa mwaka 2001, yenye bodi yake. Hiyo humiliki alama ya biashara (jina na nembo) na kupokea michango, lakini haiamui kipengele gani kiingie katika lugha.

Aidha, huria si sawa na kukosa mwenyewe, na tumechoka kulirudia hili. Leseni inakuruhusu kuondoka na msimbo na kuuendeleza upande wako. Kuondoka na jina la mradi ni suala jingine kabisa.

Kikundi cha watu 3 au 4 hakihitaji mabaraza. Ukurasa mmoja uliosainiwa unatosha, ukitaja anayeidhinisha mabadiliko, anayeshika fedha na nywila, na utaratibu wa kuwaondoa. Wanaoleta shauri waje na ukurasa huo, kwa kuwa dawati halina mamlaka ya kumrejeshea mtu akaunti aliyofungiwa na wenzake, na maelezo haya hayachukui nafasi ya ushauri wa mwanasheria.