Sheria mwaka wa kwanza: jibu bila sababu halihesabiwi

Kijana anayeingia kitivo cha sheria hapa Lubumbashi ametoka kushinda Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, juzijuzi. Sehemu kubwa ya mtihani ule ni maswali ya kuchagua: swali moja, majibu kadhaa, unatia alama kwenye herufi moja na kusonga mbele. Hakuna anayekuuliza umefikaje hapo. Mazoea hayo huingia naye ukumbini. Siku ya intero ya kwanza, yaani jaribio la darasani, anakuta kisa cha mistari mitano na karatasi nyeupe. Anaandika “Hapana, si halali”, kisha kwa kuogopa ule weupe anamwaga kurasa tatu za silabasi, yaani kijitabu cha somo, aliyoikariri usiku kucha. Akirudishiwa na 6 juu ya 20 anasema asistanti, yaani mwalimu msaidizi, anamchukia.

Asistanti hamchukii. Tunaosahihisha karatasi hizo tunatafuta kitu kilekile ambacho Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006 inakidai kwa hakimu. Ibara ya 21 inasema kila hukumu iandikwe na itolewe sababu zake. Hakimu akisema tu “wewe umeshinda, wewe umeshindwa”, hukumu yake haisimami. Na wewe unafunzwa kazi hiyohiyo tangu muhula wa kwanza.

Tuangalie kisa kimoja cha aina tunayotoa kwenye mazoezi.

Msichana wa miaka 17 anakaa na wajomba zake Katuba. Wajomba wamepokea mahari yote, mbuzi amechinjwa, bukari (ugali) imeliwa, wazee wa pande mbili wamebariki. Miezi mitatu baadaye msichana anarudi kwa wajomba na kusema hataki tena. Familia ya mume inadai arudi: ndoa imefungwa kimila, mahari imepokelewa, mashahidi wapo. Je, kuna ndoa halali?

Karatasi nyingi huenda njia mbili. Wa kwanza anaandika kwamba ni aibu kumwoza mtoto na kwamba wazazi wabadilike. Tunakubaliana naye kabisa, lakini hilo ni hotuba, na hotuba haina alama. Wa pili anaanza na maana ya ndoa, anapita kwenye uchumba, anaeleza mahari, anafika kwenye talaka, na kengele inalia msichana wa Katuba hajatajwa hata mara moja.

Anza kwa kuchambua mambo ya kisa. Umri ni muhimu. Mahari ni muhimu, kwa kuwa upande mmoja unaitegemea. Mila ni muhimu kwa sababu hiyohiyo. Mbuzi hana kazi yoyote. Tunamtia humo kusudi tuone nani atambeba hadi mwisho, na kila mwaka kuna wanaombeba.

Kisha geuza ugomvi wa familia uwe swali la sheria: je, mtu asiyetimiza miaka 18 anaweza kufunga ndoa, na je, mila inaweza kuruhusu kinachokatazwa na sheria? Ukiliandika swali hilo vizuri, umeshamwonyesha msahihishaji kwamba unajua unakokwenda.

Halafu leta kanuni, na uitaje ilikotoka. Kifungu cha 352 cha Sheria ya Familia, kama kilivyorekebishwa na sheria ya tarehe 15 Julai 2016, kinamzuia mwanamume na mwanamke pia kufunga ndoa kabla ya kutimiza miaka 18. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 48, inakataza uchumba na ndoa za watoto. Kuhusu mila, ibara ya 153 ya Katiba inaziruhusu mahakama kuitumia ilimradi haipingani na utaratibu wa umma wala maadili mema.

Sasa rudi kwa msichana. Hapa ndipo alama nyingi hupotea, maana mwanafunzi akishataja vifungu anaona kazi imekwisha na kurukia jibu. Andika: ana miaka 17, kifungu cha 352 kinataka 18 kamili, sharti hilo halikutimia. Familia ya mume inaegemea mila, lakini mila inayomwoza mtoto inagongana na katazo la sheria, kwa hiyo hakimu hawezi kuifuata. Na mahari je? Usiidharau. Kifungu cha 361 cha sheria hiyohiyo kinaitambua. Ila mahari ni sharti moja na umri ni sharti jingine, na kutimiza la kwanza hakulifuti la pili. Baada ya hapo hitimisho ni mstari mmoja, na mstari huo unatosha.

Mpangilio huu wa kanuni, kisa, hitimisho ndio walimu wenu wanauita silogismu. Jina linatisha kuliko kazi yenyewe. Fanya mazoezi kwa visa vidogo vya mtaani, kimoja kila siku, hata cha nusu ukurasa, na utafika mtihani mkono umeshazoea.

Kisa hicho kina mtego mwingine ambao hauhusu akili ya mwanafunzi bali makaratasi yake. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, kabla ya kurekebishwa, ilimruhusu mwanamke kuolewa akiwa na miaka 15. Aliyerithi silabasi ya zamani kutoka kwa yaya yake, yaani kaka au dada mkubwa, anaweza kupanga hoja vizuri, hatua kwa hatua, na kufika kwenye jibu lisilofaa. Ni hivyohivyo kwa kifungu cha 448: zamani kilimtaka mke apate idhini ya mume kabla ya tendo la kisheria, tangu 2016 kinawataka wote wawili wakubaliane. Silabasi ya kurithi si mbaya, lakini isome ukiwa na sheria yenyewe mkononi. Matini mengi ya sheria za Kongo yanapatikana bure kwenye tovuti ya Leganet, na matini rasmi hutoka katika Gazeti Rasmi la Serikali. Pakua Katiba na Sheria ya Familia wiki ya kwanza, yaweke kwenye simu, na kila sheria uandike pembeni tarehe yake na tarehe ya marekebisho yake. Ukiwa na faranga za fotokopi chache, nakili sheria kabla ya kunakili noti za mtu.

Lugha nayo inawaelemea wengi, ingawa wachache hukiri. Kifaransa ndicho lugha rasmi, na mtihani unaandikwa kwa Kifaransa. Nyumbani, kwenye mitaa yetu ya Kenya, Kamalondo au Ruashi, mnaongea Kiswahili. Badala ya kuona hilo ni kikwazo, lifanye kipimo. Soma kifungu, funga kitabu, kisha mweleze mama au mdogo wako jikoni kinasema nini, kwa Kiswahili tupu. Atauliza maswali ya kweli: “Na kama wazazi wote walikubali?” “Na kama mtoto mwenyewe alitaka?” Utakapokwama ndipo usipopaelewa, hata kama ulikuwa unakariri bila kukosea neno. Baadaye andika kwa Kifaransa kifupi na safi. Sentensi ndefu zilizojaa maneno ya kikale ya mawakili hazimvutii msahihishaji. Zinamchosha, na aghalabu zinaficha kosa.

Kuhusu muda, ujue kwamba mfumo wa LMD (lisansi, masta, udaktari), ulioanza kutumika nchini mwaka wa masomo 2021-2022, umebadilisha mwendo. Muhula mmoja una krediti 30, mwaka 60, na lisansi, yaani shahada ya kwanza ya miaka mitatu, 180. Maana yake kwa mgeni ni hii: mitihani haisubiri mwisho wa mwaka. Intero na TP (kazi za vitendo) nazo huhesabiwa. Wiki zile za mwanzo ambazo watu huziona za kuzoeana na kupiga picha mbele ya jengo ndizo zinazoamua muhula.

Umeme ukikatika, na unakatika, kusoma usiku kunakuwa kubahatisha. Panga kazi nzito mchana. Kikundi cha watu wanne au watano kinasaidia endapo kila mmoja anakuja na kisa alichokwisha kukitatua kwa maandishi, ili wenzake wakishambulie. Kikundi cha kusomeana silabasi kwa sauti ni mazungumzo tu.

Tenga pia asubuhi moja uende mahakamani. Ibara ya 20 ya Katiba inasema vikao ni vya wazi, isipokuwa pale uwazi unapoonekana hatari kwa utaratibu wa umma au maadili mema. Vaa kwa heshima, zima simu, kaa nyuma. Katika mahakama ya amani, ile tunayoiita tripaix, utasikia kesi za familia na urithi zinazofanana sana na visa vyetu, na utaona jinsi wakili anavyokatizwa akianza kuhubiri.

Kuna jambo linalonong’onezwa kila mwaka nalo lisemwe wazi. Akija mtu, awe mwanafunzi mwenzako, mfanyakazi au mwalimu, akasema hapa watu hupita kwa bahasha, usitoe. Sheria ya adhabu inamgusa anayetoa kama inavyomgusa anayepokea. Na dada yangu, ukiombwa kitu kingine badala ya pesa, usikae nalo peke yako: weka ujumbe wote, mwambie mtu mzima unayemwamini, kisha mpeleke habari kwa uongozi wa kitivo mkiwa wawili.

Siku ya mtihani soma maswali yote kabla ya kushika kalamu, gawa muda kulingana na alama za kila swali, na kwenye karatasi ya rasimu andika mifupa ya jibu tu: swali la sheria, namba ya kifungu, jinsi kinavyomhusu mtu wa kwenye kisa. Namba ikikutoroka, eleza kanuni yenyewe kwa maneno sahihi na uitaje sheria. Hilo lina thamani kuliko namba ya kubuni. Katika mtihani wa mdomo mwalimu akikuuliza “kwa nini?”, hakukatai, anakupa nafasi ya kuongeza alama.

Matokeo yakitoka na ukiamini kuna kosa, soma tangazo la jury, jopo la walimu linalopitisha matokeo, ujue siku za kulalamika, kwa sababu hupita haraka. Barua ya “naomba mnionee huruma” haimpi mtu chochote cha kukagua. Andika ni somo gani, swali la ngapi, ulijibu nini, na ni wapi alama hazikujumlishwa au ukurasa haukusahihishwa. Peleka nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa mapokezi na tarehe, ubaki nayo.