Nani Marekani anakula kama mwongozo wa lishe unavyotaka?

Mwongozo wenyewe unataka nini?

Serikali ya Marekani iliutoa mara ya kwanza mwaka 1980, na huupitia upya kila miaka mitano. Mboga, matunda na nafaka zisizokobolewa ziwe nyingi. Sukari ya kuongezwa na chumvi zipungue. Sodiamu, madini yaliyo ndani ya chumvi, isizidi miligramu 2,300 kwa siku kwa mtu mzima, yaani kama kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Watafiti hupima mlo wa watu kwa alama 0 hadi 100; kadiri unavyoufuata mwongozo ndivyo alama zinavyopanda.

Jamii gani inaongoza?

Wenye asili ya Asia hupata alama za juu zaidi, Wamarekani weusi za chini. Lakini wastani wa nchi nzima haufiki hata 60. Pengo kati ya wa kwanza na wa mwisho ni dogo kuliko safari iliyobaki kwa wote. Hata hao wanaoongoza huteleza kwenye chumvi, sosi ya soya ikichangia.

Kwa hiyo weusi hawajali afya zao?

Hapana, na kauli hiyo inaniumiza. Mitaa mingi ya weusi haina duka kubwa la mboga karibu. Kilichopo ni chipsi na soda, na kipato hakitoshi kufuata mboga mbali. Halafu kuna maziwa. Kipimo kile cha alama 100 kinayatengea alama 10 kamili, ilhali weusi wengi na Waasia wengi matumbo yao hayamudu sukari ya maziwa, hivyo huyaepuka. Je, hapo tunapima uzembe au maumbile?

Sisi wahamiaji tukoje?

Utafiti juu ya wahamiaji wa Mexico unaonyesha kwamba wanaofika na mazoea ya maharage na mahindi hula vizuri, kisha mlo huharibika kadiri miaka inavyosonga. Watoto waliozaliwa Marekani huwa na mlo mbaya zaidi. Familia za Kongo na Afrika Mashariki zilizohamia huko zilitazame hili kwa makini: maharage, mchicha na sombe (majani ya muhogo) tayari vinaafiki mwongozo, mradi mafuta na chumvi visizidi.

Na maziwa yakinivuruga tumbo?

Jaribu mtindi au maziwa mgando, maana uchachu hupunguza ile sukari. Maziwa ya soya yaliyoongezwa kalsiamu nayo yanahesabiwa katika kundi la maziwa.