Je, wajua? Kwa nini chuo kilichopigwa mabomu hakivunjwi chote

Mpwa wangu anasomea ujenzi katika Chuo Kikuu cha Ufundi pale Tudor. Juzi baada ya alasiri, tukiwa tumeketi barazani Mji wa Kale, alinionyesha kwenye simu picha ya Maktaba Kuu ya Chuo Kikuu cha Mosul, Iraki, ilivyokuwa mwaka 2017: madirisha matupu, kuta nyeusi kwa masizi, majivu ya vitabu sakafuni. "Mjomba," akaniuliza, "hapa si wangevunja tu yote wakaanza upya?"

Ng'ambo ya kichochoro alikuwako fundi mmoja mzee akitengeneza ukuta wa nyumba ya kale uliotitia. Nusu ya jibu ilikuwa mikononi mwake, nami nitamrudia.

Chuo cha Mosul kilianzishwa 1967. Juni 2014 mji ulitekwa na kundi la wapiganaji wanaojiita Dola la Kiislamu (IS), na jeshi la Iraki lilipokikomboa chuo Januari 2017, majengo mengi yalikuwa yamepigwa au kuchomwa. Maktaba ilifunguliwa tena Februari 2022, baada ya kukarabatiwa kwa msaada wa Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa na fedha za Ujerumani. Ilikarabatiwa; haikuanzwa upya kutoka kiwanja kitupu.

Sababu yake imo ndani ya zege. Jengo la ghorofa, uzito wake mwingi uko kwenye msingi, nguzo na sakafu. Simiti iliyotumika humo ilipikwa kwa joto la nyuzi 1,450 hivi, na mawe ya chokaa yalipoungua tanurini yakatoa hewa ukaa. Simiti peke yake huchangia karibu asilimia 8 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Moshi huo ulishatoka zamani, haurudi. Ukivunja nguzo iliyo nzima ili umwage nyingine, unautoa tena. Na sisi wa Mombasa twajua simiti huacha nini ardhini: kabla ya kuwa bustani ya twiga na viboko, Haller Park pale Bamburi ilikuwa machimbo ya kiwanda cha simiti, jangwa la mawe. Upandaji wa mivinje ulianza 1971 na ulihitaji subira ya miaka. Si kila shimo hupata mtu wa kulitunza hivyo.

Sasa, nguzo iliyokaa ndani ya moto itajulikanaje kama bado yafaa? Hapa ndipo mpwa wangu alipoweka simu chini. Zege likipata joto la nyuzi 300 na zaidi, mara nyingi hugeuka rangi ya waridi, kwa sababu ya chembe za chuma zilizomo katika mchanga na kokoto zake. Na ni katika joto hilo hilo nguvu zake huanza kupungua. Mhandisi hutoboa, akatoa kipande chembamba kama mshumaa, akapima ile rangi imeingia kina gani. Ikiwa imeishia juu juu, tabaka bovu huchongwa, nondo zikasafishwa, zege jipya likafunika. Ikiwa imepita nondo, nguzo ile huenda ikalazimu kutolewa. Hata nyundo husema: zege zima hulia, lililoachana ndani hujibu kwa mlio mfu.

Kile kisichookoleka huwa kifusi, lakini mtu haingii tu na sururu. Kwanza wategua mabomu wapite, maana kombora ambalo halikulipuka huweza kulala chini ya sakafu miaka na miaka. Kisha asbesto, ambayo vumbi lake huua mapafu polepole, itengwe na kuzikwa kwa utaratibu wake. Ndipo zege lisagwe kuwa kokoto. Kokoto za kifusi hunywa maji kuliko za machimboni, kwa hiyo asiyezilowesha kwanza hupata mchanganyiko mkavu usioshika vizuri. Kwa nguzo huchanganywa kwa kiasi. Kwa barabara za chuo, vijia na matofali ya kuta hazina tatizo. Warsaw, Poland, walifanya hivyo baada ya Vita Vikuu vya Pili: mtaa wa Muranów ulijengwa kwa matofali ya kifusi kilichosagwa, tena juu ya kifusi chenyewe.

Nikamwambia mpwa wangu atazame ng'ambo. Fundi alikuwa ametia tindo katikati ya mawe mawili ya matumbawe. Akagonga mara mbili, chokaa ya kale ikamwagika kama unga, jiwe likatoka zima, na alama za mchongaji wa kwanza bado ziko usoni. Akasogea kidogo, mahali ambapo mtu aliwahi kuziba ufa kwa simiti. Akagonga, akagonga, jiwe likapasuka katikati na simiti ikabaki vile vile.

"Chokaa hushika, ikawata," akasema bila kugeuka. "Simiti haiwati, mwanangu. Huvunda jiwe." Yaani chokaa huachia, bali simiti haiachii, huvunja jiwe.

Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika ujenzi wa kudumu, na husahaulika. Mnara wa al-Hadba pale pale Mosul, uliojengwa karne ya 12, ulilipuliwa Juni 2017. Uliposimamishwa tena chini ya UNESCO, maelfu ya matofali yake ya asili yalitolewa kwenye kifusi yakarudishwa ukutani. Ulijengwa kabla simiti ya leo haijajulikana. Ukuta wa simiti ukilipuliwa, matofali mengi huvunjika pamoja nayo.

Sisemi ghorofa nne zisimame kwa chokaa. Nguzo zibaki zege. Lakini kuta za kujazia, mabweni ya chini, ukuta wa ua, hizo zaweza kujengwa kwa chokaa, nene. Kiangazi Mosul joto hupita nyuzi 45, na ukuta mnene huchelewesha joto lisifike ndani mchana, kama hizi zetu za nusu mita, ambazo ukiziegemea adhuhuri mgongo huhisi baridi.

Fundi alikuwa na mafungu mawili: mawe mazima ya kurudi ukutani, na vipande vya kujazia katikati. Ile chokaa iliyomwagika alikuwa akiichekecha ili aichanganye na mpya. Mpwa wangu akavuka kichochoro, akamwamkia, akapokea chekeche. Adhana ya magharibi ilimkuta bado amechutama, mikono myeupe hadi viwiko.