Mali Ikishauzwa Hurudi, Ila Lazima Uikatae

Wiki hii wametimia wanne. Wanne wameingia ofisini kwangu hapa Mombasa na risiti mkononi, na kabla hawajakaa wanaigeuza nyuma kunionyesha mhuri: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Kisha wananitazama kama watu wanaongoja kusomewa hukumu. Wa nne alikuwa mama wa Likoni anayeuza barafu na juisi ya ukwaju. "Wakili," akasema, "najua hakuna la kufanya, wenyewe walikuwa wameandika. Nimekuja kuuliza tu."

Mama, walioandika ni kina nani? Bunge?

Basi nayaweka hapa mara moja, nipumzishe koo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, kifungu cha 16, inamfunga muuzaji kwa masharti ambayo hata hakuyatamka. Akiwa biashara yake ndiyo hiyo, kitu akuuzie kiwe cha kuuzika kweli. Na kama ulimweleza unakitakia kazi gani ukamwachia yeye akuchagulie, kiifae kazi hiyo. Zamani muuzaji aliweza kuyafuta masharti hayo kwa maandishi yake, na nadhani mhuri ule ni masalia ya enzi hizo. Lakini Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, kifungu cha 5, imesema sharti lolote linalojaribu kuyafuta au kuyapindua dhidi ya mtumiaji ni batili. Juu yake ipo Katiba, Kifungu cha 46, inayokupa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na fidia zikikutia hasara kwa kasoro zake. Mhuri ubaki kwenye risiti, ni pambo.

Msinielewe vibaya sasa. Kiatu kimekubana, pazia halikumpendeza mkeo, umekuta kwa jirani bei nafuu: hapo hudai chochote, unaomba hisani. Na lipo jambo wengi hawalijui: ukikagua kitu kabla ya kununua, kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuionyesha huwezi kuja kuidai baadaye. Kwa hiyo yule kijana anayekuchomekea televisheni dukani na kukuuliza "umeona picha iko sawa?" hakufanyii ukarimu peke yake. Anajikinga. Angalia vizuri basi, usiwe unajibu simu.

Turudi kwa mama wa juisi, maana kinachonikera hasa si ule mhuri.

Alinunua friji ya KSh 38,000. Siku ya tatu ikaacha kugandisha. Nikamwomba simu nione alichowaandikia dukani. Ujumbe wa kwanza: "Samahani bosi, naomba mniangalizie hii friji haigandishi vizuri." Wa pili, baada ya wiki: "Bosi habari za asubuhi, bado nasubiri fundi." Wa tatu: "Asante, nitasubiri." Wa nne ni picha ya maua na "Jumaa Mubarak". Wiki saba hizo! Na katikati alimwita fundi wa mtaani, akaifungua nyuma, akaongeza gesi, akalipwa KSh 3,500.

Nimezisoma meseji zote na sijaona hata moja inayosema kwamba ameikataa friji. Na hapo ndipo kesi nyingi zinapofia, nje kabisa ya mahakama. Sheria inampa mnunuzi haki ya kuikataa bidhaa yenye kasoro ya namna hiyo na kurudishiwa pesa zake zote. Lakini haki hiyo hupotea ukihesabiwa kuwa umeipokea, na unahesabiwa hivyo kwa njia tatu: ukisema umeipokea, ukiifanyia jambo ambalo mwenye mali tu ndiye angelifanya, au ukikaa nayo muda wa kutosha bila kumwambia muuzaji kwamba umeikataa. Ukishaipokea, unabaki na madai ya fidia tu, yaani tofauti ya thamani au gharama ya matengenezo. Hilo nalo ni dai, ila si KSh 38,000, na friji inabaki kuwa yako na kelele zake.

Kulalamika si kukataa. Kuomba fundi si kukataa. Muuzaji mzoefu analijua hili kuliko mawakili wengine, ndiyo maana hakwambii "hapana". Anakwambia "njoo kesho". Anakwambia kompresa iko njiani kutoka Nairobi. Kila kesho yako ni hoja yake. Na sisi tulivyolelewa, kumwambia mtu mzima waziwazi "sikitaki kitu chako, nipe pesa yangu" tunaona ni utovu wa adabu. Basi tunazungukazunguka kwa salamu.

Andika hivi: "Friji niliyonunua kwenu tarehe fulani haigandishi tangu siku ya tatu. Nimeikataa. Njooni muichukue na mnirudishie KSh 38,000 ndani ya siku saba." Basi. Na usihangaike kuipakia kwenye mkokoteni kuirudisha dukani. Ukiwa na haki ya kuikataa, kisheria inatosha kumjulisha muuzaji kwamba umeikataa. Kuja kuichukua ni shida yake. Hilo nikiwaambia watu huwa hawaamini, na duka nalo halitawaambia.

Huo "muda wa kutosha" ni siku ngapi? Kila mteja anauliza, na kila mteja namkasirisha. Sheria haikutaja idadi, inategemea kitu na mazingira. Mimi mwenyewe nimewahi kuona wiki tatu ni nyingi na nikashindwa kueleza kwa nini. Kwa mama huyu nitasema zile wiki saba alikuwa akingoja matengenezo waliyomwahidi wao, kwa hiyo wasizihesabu dhidi yake. Ni hoja nzuri. Yule fundi wa mtaani ndiye anayeninyima usingizi, maana watasema kuifungua friji ni jambo la mwenye mali.

Kwa polisi msiende. Duka likikuuzia kitu kibovu na kukunyima pesa yako, mara nyingi hiyo ni kesi ya madai, na OB, yaani kitabu cha matukio cha polisi, haitaigandisha barafu. Nendeni Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai yasiyozidi KSh 1,000,000, sheria yake ya 2016 inataka shauri liishe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa, na huhitaji wakili. (Ndiyo, nimeliandika mwenyewe, wenzangu wanisamehe.) Risiti, ujumbe wa M-Pesa, picha na zile meseji zinakutosha kuanzia.

Ila ujue unayemshtaki. Jina lililopakwa rangi juu ya mlango mara nyingi ni jina la biashara tu, na jina la biashara si mtu. Tafuta kwenye eCitizen mwenye kulisajili ni nani; ikiwa ni kampuni, CR12, hati ya msajili wa kampuni, itakuonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Nimeona mtu ameshinda dhidi ya kibao.

Na hata ukishinda dhidi ya mtu halisi, karatasi ya hukumu haiji na noti ndani yake. Asipolipa, unaomba kibali cha kukamata mali, unamtafuta dalali wa mahakama, dalali anataka chake, na mnafika mnakuta duka limehamia upande wa pili wa barabara kwa jina la shemeji. Mengi hayafiki huko, muuzaji akiona hati ya mahakama hulipa akinung'unika. Lakini niliacha kuwaahidi wateja.

Mama nilimwambia aandike ujumbe wake palepale mezani, kwa mkono wake. Alichukua muda, akafuta, akaandika tena, kisha akanipa simu nisome. "Samahani bosi, nimeikataa friji. Njooni muichukue."

Nikamwambia aongeze pesa na siku, halafu atume.