Filamu ya mwisho ya Harry Potter bandani: msitu mweusi, stesheni nyeupe

Harry Potter and the Deathly Hallows – Part 2, ya nane na ya mwisho, ilitoka Julai 2011 na ina dakika 130. Kwa mwenye kibanda umiza (banda la kuonyeshea filamu) hapa Arusha, naiona ngumu kuonyesha kuliko zile saba. Sehemu kubwa inapita gizani: kijiji cha Hogsmeade usiku, vita vya Hogwarts, shule ya uchawi, usiku, kisha msituni. Projekta iliyorusha mechi ya Simba na Yanga vizuri tu, hapa itakupa vivuli juu ya vivuli, na wateja wataanza: "Ongeza mwanga!"

Usiwasikilize. Ukipandisha mwangaza kwenye menyu hauinui giza peke yake, unainua kila kitu. Weusi unageuka rangi ya jivu. Halafu Harry anaingia ile stesheni ya King's Cross nyeupe tupu, na ndevu nyeupe za mzee Dumbledore, aliyekuwa mkuu wa shule, zinamezwa na ukuta. Unabaki uso unaoelea.

Rudisha mwangaza katikati, uguse gama, ile inayobadilisha zaidi mwanga wa kati, kati ya weusi na weupe. Kama iko 2.2, jaribu 2.0. Kwenye baadhi ya menyu namba zinakwenda kinyume, kwa hiyo amini macho. Simamisha picha msituni mpaka uone mashina ya miti ya nyuma, kisha ruka hadi stesheni uangalie mikunjo ya joho. Vyote viwili vikionekana, acha.

Bado giza? Punguza ukubwa wa picha kwenye shuka. Picha ya upana wa sentimita 320 ukiishusha hadi 240, mwanga uleule unakolea karibu mara 1.8. Filamu yenyewe ni pana, hivyo kwenye 240 kimo chake ni kama sentimita 100 tu, na juu na chini inabaki mistari ya sentimita 17 hivi. Ifunike kwa kitambaa cheusi. Ziba pia matundu ya misumari kwenye mabati kama unaonyesha mchana, na ukuta mweupe uutundikie blanketi (ukizipata, kwa baridi hii ya Julai).

Umeme ukikatika, taa ya projekta inabaki moto bila feni, na hapo ndipo inapokufa mapema. UPS (betri ya akiba) si ya kumalizia filamu. Ni ya kukupa dakika chache uizime taratibu. Ukiiwasha haraka itagoma mpaka ipoe.

Sauti: maneno mengi ya waigizaji yamewekwa kwenye spika ya katikati. Deki ikiachwa kwenye 5.1 (sauti ya spika sita) nawe una spika mbili, milipuko itasikika na mazungumzo yatapotea. Weka stirio, kata besi, inua spika hadi usawa wa masikio.

Kwa DJ anayetafsiri filamu kwa Kiswahili, pagumu ni kumbukumbu za mwalimu Snape. Picha zinaruka miaka, na anayezifuata moja moja atachelewa. Aandae mapema mambo matatu: Snape alimpenda Lily, mama yake Harry, tangu utotoni, alimwomba Dumbledore amlinde, Harry amebeba kipande cha roho ya adui yake Voldemort, hivyo hana budi kufa. Kulungu wa nuru akitokea, DJ anyamaze. Dumbledore anauliza, Snape anajibu kwa neno moja. Hilo neno litafsiriwe likishasikika, si kabla.