Mashine ya kuosha vyombo au beseni: piga hesabu ya joto

Kwenye mashine ya kuosha vyombo, pampu haina makuu. Mlaji wa umeme ni hita. Lita 1 ya maji ikipanda joto nyuzi 1 imekula takriban wati-saa 1.16. Kwa namba hiyo moja unaweza kupiga hesabu ya jiko lako mwenyewe.

Mashine ya seti 13 au 14, yaani vyombo vya watu 13 au 14, kwenye programu ya eko (ya kubana matumizi), hutumia kama lita 10 za maji na uniti 0.8 hadi 1 za umeme; uniti moja ni wati-saa 1,000. Kwa bei ya Tanzania Bara ya karibu shilingi 356 kwa uniti, kodi ikiwemo, ni shilingi 285 hadi 356 kila ukiiwasha. Eko huchukua saa tatu na zaidi, na wengi hudhani muda mrefu ni umeme mwingi. La: maji hupashwa hadi nyuzi 50 hivi tu, kisha sabuni hupewa muda wa kufanya kazi. Programu ya nyuzi 70 ndiyo ghali.

Sasa sinki. Bomba la lita 6 kwa dakika likiachwa wazi dakika 12, ni lita 72. Kuyatoa maji ya Dar kwenye nyuzi 27 hadi 45 ni uniti 1.5, shilingi 535 hivi. Hapo mashine imeshinda. Lakini ni nyumba ngapi zinaosha hivyo? Chemsha birika la lita 2, changanya na lita 4 za baridi, upate lita 6 za nyuzi 50 kwa uniti kama 0.2, shilingi 70 na kitu. Suuza kwa maji baridi kwenye beseni la pili. Hapa mashine haifui dafu.

Na birika si la kila siku. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo sufuria ya samaki wa nazi Dar hutakata kwa maji ya bomba. Asubuhi ya baridi Arusha, utando hung'ang'ania. Mafuta ya ng'ombe huhitaji zaidi ya nyuzi 40 kuyeyuka, ndiyo maana bakuli la supu hubaki na utelezi popote. Anza na glasi, masufuria mwisho.

Kama mashine unayo tayari, ijaze kwanza. Nusu mzigo hula karibu sawa. Kung'uta mabaki, usisuuze kwa maji moto, utalipa mara mbili. Mashine nyingi hudai presha ya maji ya bar 0.5, yaani tenki liwe mita 5 juu ya mashine. Likiwa mita 3, inaweza kugoma kujaa. Maji magumu ya kisima huivisha hita gamba la chokaa, joto likakosa pa kutokea, hita ikaungua. Kuzuia gamba hilo, weka chumvi maalumu ya mashine, si ya mezani.